Kwenu Wapi, Bi. Ozella?

Ijumaa tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa mwanasheria msaidizi katika mahakama yetu ya shirikisho, Bi. Ozella Broussard atazima taa ya mezani kwake na kustaafu. Jaji Lindqvist alimwomba aongeze walau mwaka mmoja. Akajibiwa papo hapo: "Mheshimiwa, ombi limetupiliwa mbali."

Alitufikia kutoka Opelousas, Louisiana, na masanduku mawili na sufuria ya chuma ya bibi yake, akatangaza kwamba anakaa miaka miwili tu, kisha anarudi kwao. Wimbo huo ameuimba mpaka tukaukariri. Kila Krismasi anatupikia mchuzi wa bamia na soseji, nasi tukiomba kuongezwa anatusimanga: "Kuleni, kuleni. Nikirudi kwetu mtakufa njaa nyie."

Wageni humwona mbea. Hajamwamkia mtu vizuri, keshauliza: "Kwenu wapi? Na ukitoka hapo ulipo sasa, unakusudia kurudi wapi?" Fundi wa lifti aliulizwa hivyo akiwa kaning'inia nusu mwili, akajibu, "Kwa mama, nikifukuzwa tena." Bi. Ozella alicheka hadi miwani ikamwanguka. Lakini kwetu hilo si swali la umbea. Mji wetu umekatwa na Barabara ya Mpakani, upande huu Missouri, ule Kansas, na kesi zetu nyingi huingia kwa sababu moja tu: mdai ni wa jimbo hili na mdaiwa ni wa lile, basi wanakuja kwetu asije mmoja akalalamika kwamba amehukumiwa uwanjani kwa mwenzake. Wakionekana kuwa wa jimbo moja, hatuna mamlaka hata kidogo. Na kwa sheria, kwenu si pale unapolala leo. Ni pale ulipofanya maskani, na ukiondoka, ndipo unapokusudia kurudi.

Siwezi kumuaga bila kuisimulia kesi ya Verlinda Stroud. Verlinda ni mkulima wa upande huu wa Missouri. Mashine ya kupandishia nafaka ghalani ilimkata mkono wa kulia, akaishtaki kampuni ya Kansas iliyoifunga vibaya. Jopo la raia lilisikiliza majuma matatu, likampa ushindi. Watu walilia mle ndani, na mimi mmojawapo, sioni haya kusema.

Haukupita mwezi, mawakili wa kampuni wakarudi na hoja mpya. Kampuni yao ni ya ubia, na kampuni ya ubia huhesabiwa kuwa ya kila jimbo lenye mbia wake. Sasa walidai kwamba mbia mmoja, Mzee Hobart Quill, siku kesi inafunguliwa alikuwa ameshahamia kwa binti yake, ng'ambo ya barabara, huku Missouri. Ikiwa ni kweli, basi Missouri kwa Missouri, hatukuwa na mamlaka tangu mwanzo, na ushindi wa Verlinda si kitu. Angeanza upya mahakama ya jimbo, kusimulia tena mbele ya watu wapya jinsi mkono ulivyokwenda.

Kumbe hakuna aliyeuliza! Mawakili waliangalia kampuni ilikosajiliwa wakaridhika, jaji akaridhika, na Bi. Ozella, muulizaji wetu mkuu, naye safari hiyo alipitiwa. Alikwenda kwa jaji mwenyewe akasema, "Kosa ni langu, sikuuliza wabia wanakaa wapi." Majuma yaliyofuata hakumuuliza mtu kwao wapi. Alimwona Verlinda dukani akihangaika kufungua pochi kwa mkono mmoja, akageuza kigari akaenda zake, kwa sababu sheria ya kazi yetu haimruhusu kuzungumza na mwenye kesi. Alirudi ofisini macho mekundu.

Siku ya kumhoji Mzee Quill, mambo yalikwenda kombo. Barua zake zilikuwa zikienda kwa binti, daktari wake alikuwa Missouri, hata mbwa alihamia huko. Ndipo Bi. Ozella, aliyejua kwamba mtu wa huku akiacha kupanda mwezi wa Aprili ujue anahama kweli, akampa jaji swali moja. Alimnong'oneza: "Jibu linaweza kumuumiza yule mama. Uliza tu, Mheshimiwa."

Jaji akauliza: "Mzee Quill, Aprili ile kesi ilipofunguliwa, ulipanda nini, na wapi?"

Mzee aliinuka kitini kama kaulizwa habari za wajukuu. "Asparaga, Mheshimiwa, ile mboga ya machipukizi! Safu nne, nyumbani kwangu Kansas. Nyonga ndiyo kwanza imefanyiwa upasuaji, nina magongo mawili, binti ananigombeza kutoka kwenye gari!"

"Na asparaga huvunwa baada ya muda gani?"

"Ukiwa na haraka panda figili. Hii huigusi mpaka mwaka wa tatu."

"Ulitegemea nani aje kuivuna?"

"Mimi! Nani tena? Kwa binti yangu nilikuwa mgeni tu, hata rimoti sikuruhusiwa kushika."

Wakili wa kampuni alifumba macho. Mzee alikuwa mtu wa Kansas, mamlaka tulikuwa nayo, na ushindi wa Verlinda ukasimama hata kwenye rufaa. Kesi ilipofungwa kabisa, Verlinda alikuja kaunta akamkumbatia Bi. Ozella kwa mkono wake mmoja.

Sasa anastaafu, na sisi tulishajiandaa kwa kilio: Louisiana, masanduku mawili, sufuria. Basi Aprili iliyopita nilipita nyuma ya nyumba yake, upande huu wa Missouri, nikamkuta kapiga magoti na matope hadi kwenye viwiko. Alikuwa akipanda asparaga, mbegu kapewa na Mzee Quill. Nikamuuliza kwao wapi. Akanirushia bonge la udongo.

Asante kwa kila swali, Bi. Ozella. Tunakutakia afya, mvua ya kiasi na maisha mema. Mwaka wa tatu tutakuja na visu. Wewe bandika sufuria.

Lorna Petrak, kwa niaba ya wenzako wa ghorofa ya pili