Mama Paskazia Shimba na Matembezi Yake Yasiyo na Safari

Marehemu Mama Paskazia Shimba alizaliwa Misungwi tarehe 3 Machi 1936, mtoto wa pili wa mfugaji, Mzee Shimba. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na ndipo lilipotoka jina lake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akasomea uuguzi na ukunga. Alianza kazi mwaka 1958 katika zahanati ya kijijini, akahamishiwa Mwanza mjini mwaka 1965. Hodi ikipigwa usiku au mchana, yeye ndiye aliyewahi kuvaa viatu. Wengi mliopo hapa mlipokelewa na mikono yake. Na akina mama mnakumbuka alivyowajibu mlipomlalamikia uchungu: "Usinilaumu mimi, mama, sikuwepo!"

Mwaka 1960 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Alexander Chenge, wakajaliwa watoto watatu. Mwalimu alitangulia mwaka 1984.

Mama alistaafu Juni 1991. Watu binafsi walikuwa wanaanza kuruhusiwa kufungua zahanati, na mwanawe wa kwanza, Yeremia, mwenye duka Mirongo, alikwisha kununua vitanda vya wazazi ili Mama asimamie kliniki. Hakuna aliyemwuliza Mama. Yeye akachukua mtoto wa mbwa, akamwita Kahawa, na kila asubuhi wakatoka nyumbani Kiseke kuelekea ziwani. Kwetu mbwa ni wa kuchunga na kulinda, hivyo watu walishangaa.

"Shikamoo Mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Sijui. Kahawa hajaamua."

Mbwa akinusa kichaka, Mama alisimama. Akilala juu ya jiwe, Mama aliketi karibu naye akatazama maji, mpaka njaa iwarudishe.

Yeremia aliona aibu. Akamwita mjomba Ngosha kutoka Misungwi aje amrudishe Mama kazini.

"Dada, wanasema umechanganyikiwa. Mtu mzima unashinda jiweni na mbwa!"

"Nimeitwa na watu miaka yote, Ngosha, na nimeitika kwa furaha. Hii iliyobaki nimemwomba Mungu iwe yangu. Kesho twende wote, halafu uniamulie."

Mjomba alikwenda amevaa koti la vikao. Alirudi jioni viatu mkononi, koti limejaa manyoya ya mbwa, akamwambia Yeremia, "Hivyo vitanda vitafutie mkunga mwingine."

Akatafutwa, na kliniki inahudumia watu hadi leo. Mama akapata miaka saba. Tunajivunia kazi yake, na miaka hiyo saba tunajivunia vilevile.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilipokataa, alikaa barazani na Kahawa ubavuni. Yeremia, asiyewahi kufunga duka hata sikukuu, alianza kuja mchana kukaa nao. Siku ya kwanza alitazama saa kila mara. Mama akamwambia, "Baba, hebu ivue hiyo." Akaivua.

Alipokea Mpako wa Wagonjwa, na Ijumaa tarehe 14 Agosti 1998, alasiri, alifariki palepale barazani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yeremia.

Ameacha watoto watatu, Yeremia, Dorotea na Mihayo, mdogo wake Ngosha, wajukuu tisa, na Kahawa. Baada ya matanga Yeremia atabaki Kiseke mwezi mzima, duka limefungwa. Ametuomba tusimwulize ana shughuli gani.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Paskazia, na huko kwako asiharakishwe. Amina.