Koki Moja, Nyumba Mbili

Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka pale mwanamume aliyelowa hadi magotini aliporukia ndani, mkononi ana koki mpya ya bomba. Akaketi mbele yangu, kando ya dada mmoja mwenye sare ya wakala wa bima.

"Pole, kaka. Kwani huko kwenu mvua imenyesha?" wakala akauliza, na jua lilikuwa kali.

"Imenyesha jikoni kwangu, dada. Mimi ni fundi bomba."

Nilijitahidi nisicheke. Wakala hakujitahidi.

Fundi akaeleza kwamba mikosi ilianza na jino, ikafuata pikipiki, jana upepo ukang'oa bati, na leo koki ya jikoni imepasuka. Hela ya mwisho imenunua hii moja tu.

"Ndiyo maana tunashauri watu wawe na mfuko wa dharura," wakala akasema kwa sauti ya kazini.

"Nilikuwa nao. Dharura ndizo zilizokataa kupanga foleni."

Simu yake ikalia. Basi zima tulimsikia mkewe: "Baba watoto, ndoo zimejaa! Uko wapi?"

"Nakuja, mama watoto. Izungushie hiyo koki kipande cha mpira kwanza." Akakata haraka. "Hii koki nilimwahidi shangazi. Mwezi mzima anateka maji kwa jirani, na magoti yake mabovu."

"Kaka, anza kwako! Shangazi ataelewa."

"Ataelewa, dada. Ameshaelewa mwezi mzima."

Basi likasimama. Fundi akashuka, viatu vikilia chwa-chwa, akashika njia ya kwa shangazi na koki yake.