Upande Uliopakwa Rangi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mgeni Rasmi, Bwana Zuberi. Mwenyekiti wa Kijiji. Baba Mchungaji na Ustadhi wetu. Mwalimu wetu Yusta. Wazee wangu, ambao nawapa shikamoo kabla sijasema lolote. Wahitimu wenzangu kumi na wanane. Na ninyi watoto mliokaa karibu na masufuria kuliko karibu na mimi: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na kwa Washambaa wenzangu, onga mshi.

Mimi ni Paskalina, kibarua wa kitalu cha miche hapa Shume. Nimepewa dakika kumi. Mume wangu anacheka pale nyuma, kwa sababu anajua mimi kwa dakika kumi huwa bado naulizia hali ya nyumbani.

Kwanza niseme tunashangilia nini. Sisi watu wazima kumi na tisa, wote vibarua wa shamba la miti, tumesoma kila Jumamosi mchana kwa miaka miwili, tukikalia madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yamefika kidevuni. Novemba tulifanya mtihani wa kidato cha nne. Na wote kumi na tisa tumefaulu Hisabati. Narudia kwa ajili ya wale waliosema tunakwenda kupoteza muda na kusengenya: wote.

Kwangu mimi haya hayakuwa mambo ya kujifurahisha. Mwaka 1997 nilifeli Hisabati, nikarudi nyumbani, nikashika jembe. Nina miaka kumi na tisa kitaluni. Nimewapokea wasimamizi wanne, mmoja baada ya mwingine, nikawafundisha kutofautisha mche wa msindano, yaani paini, na gugu, kisha nikawaita bosi. Kwa nini? Kwa sababu wao walikuwa na cheti chenye Hisabati na mimi sina. Nafasi hiyo ilipobaki wazi tena, niliambiwa wazi kwamba nikifaulu ni yangu. Nikifeli, ningepokea bosi wa tano.

Sasa mniambie, ndugu zangu, mtu wa namna hiyo anapofundishwa grafu, anaweza kusinzia?

Mwalimu Yusta, mama yetu kutoka Bumbuli, hakuanza na ubao. Alitupeleka kwenye eneo la kupanda, akatuonyesha kamba zetu wenyewe na mashimo yetu wenyewe. Mstari wa tatu, shimo la tano. Akasema, "Hiyo ndiyo nukta. Mmekuwa mkichora grafu miaka yote hii, ila hamkuwa na penseli." Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka mgongo.

Ila watu wa mlimani tuna shida zetu. Alipochora mstari ulioinama akauliza kama unapanda au unashuka, darasa liligawanyika. Elisante, anayeishi bondeni, akasema unapanda, maana yeye kila asubuhi anaupanda. Mimi ninayeishi juu nikasema unashuka, na nyumbani kwangu hakuna njia isiyoshuka. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwalimu akasubiri tuchoke, akasema, "Kwenye grafu wote mnakaa kushoto na wote mnatembea kwenda kulia. Haya, tembeeni." Tukatembea kwa kidole. Unapanda. Elisante hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Sasa nafika pagumu, na Mgeni Rasmi aniwie radhi, kwa sababu yumo.

Mwezi wa nane Mwalimu aliugua, akalazwa wiki tatu. Tulikuwa tumebakiza somo la kutolingana, yale mambo ya ndogo kuliko na kubwa kuliko, ambapo ukishachora mstari unatia kivuli upande mmoja. Abrahamu, ambaye kazi yake ni kupaka alama miti, akajitolea kutufundisha kutoka kitabuni. Akatuambia, "Hii mbona ni kazi yetu. Ni kupaka alama tu." Tukaelewa wote, haraka ajabu. Hatukuwahi kuelewa kitu haraka vile, na hapo ndipo tungepaswa kushtuka.

Ukaja mtihani wa majaribio. Bwana Zuberi, wa ofisi ya elimu, akasahihisha. Swali la kumi na moja, watu kumi na tisa, mistari yote kumi na tisa sahihi, na vivuli vyote kumi na tisa viko upande usiotakiwa. Hata mimi ningekuwa yeye ningesema hawa wamenakiliana. Akaandika barua kwamba darasa lisimamishwe na asingependa kuona jina letu hata moja kwenye chumba cha mtihani Novemba.

Barua ile ilisomwa mbele yetu. Sikulia mpaka nilipofika kitaluni, nikaona kiti cha msimamizi kiko kitupu. Hapo nililia, tena kwa sauti.

Mwalimu Yusta alitoka hospitali moja kwa moja akaja darasani, kitenge begani, mkono bado una plasta ya dripu. Hakutugombeza. Alimuuliza Abrahamu swali moja: "Baba, kwa nini ulipaka kule?"

Abrahamu akashangaa kuulizwa. Akasema, "Mwalimu, mti ukipakwa rangi si ndio unaokatwa? Nimepaka usiotakiwa, nikauacha mzuri usimame."

Mwalimu akakaa chini kwenye dawati la mtoto, akacheka mpaka akashika ubavu. Kitabu kilisema tia kivuli eneo linalotakiwa; sisi tulisoma kivuli, mikono yetu ikaona rangi ya shamba la miti. Abrahamu akasimama akasema kosa ni lake, afukuzwe yeye, wengine tuachwe. Nataka mumjue mtu huyo. Simama, Abrahamu, watu wakuone.

Mwalimu akampigia simu Bwana Zuberi kumweleza, naye akaja mwenyewe, hilo tunamshukuru, maana wengine wangemalizia kwenye simu. Alitukalisha uwanjani, kila mtu mbali na mwenzake. Kisha akaleta ubao nje, akanyoosha kidole, na kidole kikaniangukia mimi. Mbili x jumlisha y, ndogo kuliko nane. Tia kivuli upande unaotakiwa.

Nikaweka nukta kwenye nne ya mhimili wa chini, nikaweka nyingine kwenye nane ya mhimili wa kusimama, nikaunganisha kwa vipande vipande. Akaniuliza kwa nini mstari umekatika. Nikamjibu, "Kwa sababu nane yenyewe haimo, Bwana. Tumeambiwa chini ya nane." Akauliza nitajuaje upande. Nikamwambia, "Naijaribu sifuri. Sifuri na sifuri ni sifuri, nayo ni ndogo kuliko nane, basi upande wenye sifuri ndio unaotakiwa." Nikapaka chaki chini ya mstari, kushoto, mpaka kipande kikaisha mkononi.

Bwana Zuberi akaniuliza, "Mama, ungekuwa msituni, upande huu uliopaka ungekatwa?"

Nikamwambia, "Ungekatwa, Bwana. Ila hapa sipo msituni."

Akaichana ile barua mbele yetu. Na leo amerudi na katoni mbili za karatasi za grafu kwa ajili ya darasa jipya. Bwana, mtu anayekubali kwamba alipima vibaya, akapima tena, huyo tunamwita mwalimu.

Mwalimu Yusta, sina cha kukupa kinachokutosha. Miaka ishirini na nane nilijiona mti uliopakwa rangi, nasubiri tu msumeno. Wewe ulikuja ukauliza kwa nini nimepakwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Nakupenda, mama, na nalisema mbele za watu.

Jumatatu naanza kazi ya usimamizi. Nimemwomba Bwana Zuberi ile karatasi yangu ya majaribio, yenye sifuri nyekundu kwenye swali la kumi na moja, naye amenikabidhi asubuhi hii. Nitaibandika ukutani ofisini kwangu. Ofisini kwangu. Mnisamehe kurudia, ni maneno ambayo mdomo wangu haujayazoea.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Asanteni sana.