Ulimi wa Odeke

Sisi wa benchi la kahawa pale Malaba, mkabala na forodha, tuna ugonjwa mmoja: tunajua kila kitu. Jumamosi hiyo ya mwaka wa sitini na nane, Odeke, fundi wa matairi ya lori, alikuja amevaa shati jeupe. Saa sita alitakiwa awe Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa wazee wa mchumba wake, Atyang, ajieleze kwa mdomo wake mwenyewe. Akaonja kahawa, akakunja uso, akaweka kikombe chini. Basi! Mutua dereva, tunayemwita Daktari tangu arudi na lori kutoka Dar es Salaam, akaruka.

— Toa ulimi!

— Mi nina...

— Usiongee! Huko Dar nilionwa na daktari Mchina. Hakuniuliza kitu, tungeelewana lugha gani? Aliangalia ulimi tu, vile mimi nachomoa kile chuma cha kupima oili najua injini yote. Ncha ni moyo. Pembeni ni ini. Katikati tumbo, nyuma figo.

Odeke akautoa wote. Tukainama.

— Ncha iko nyekundu, alisema Protus, karani wa forodha, mtu wa tai hata Jumamosi. Moyo unawaka moto!

— Na huku nyuma ni nyeusi, alisema mzee Methuselah, mvuvi wa Budalang'i.

— Woi! Mutua akashika kichwa. Figo imezima!

— Si ni kahawa, jamani? nikasema mimi.

— Wewe nyamaza! Uliona Mchina wapi?

Odeke akajaribu kusema. Mutua akamshika taya, kijana machozi yakamtoka.

— Mnaona? Figo sasa inavujia machoni!

— Wahenga walisema, akaingia Protus, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Huu umejikwaa, na bado mnataka avuke mpaka?

— Mimi samaki namjua kwa matamvua, mzee Methuselah akasema. Huyu angekuwa kamongo, singemnunua.

— Mzee, atafika Krismasi? Protus akauliza.

— Krismasi? Akifika saa sita ya leo tushukuru Mungu.

— Basi harusi isimame, Mutua akakata shauri. Msichana wa watu asije akaolewa leo, kesho mjane.

Ubishi wangu wote uliniisha. Odeke ni rafiki yangu, na kusema kweli niliogopa.

Mara Atyang mwenyewe akavuka barabara akitoka upande wa forodha, amevaa gomesi mpya, lile gauni la mabega yaliyochongoka, hasira mbele.

— Odeke! Wazee wanangoja, wewe umekaa hapa umetoa ulimi kama ndama?

Mutua akavua kofia.

— Pole, dada. Moyo unawaka, figo zimezima. Ini bado tunachunguza.

Atyang akamtazama Odeke, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja.

— Na mmemuuliza anaumwa wapi?

Protus akanyoosha tai. Mzee Methuselah akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mutua akavaa kofia tena, polepole.

Odeke akarudisha ulimi ndani, akafuta machozi.

— Jino, akasema.