Bwana Alinifundisha Kulisikiliza Tumbo Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, maana hapo ndipo nilipokuwa nikiketi mimi, ili tumbo likinishika nitoke bila kuonekana.

Naitwa Mutheu. Nilizaliwa Kitui, nikaolewa na Kioko, mkulima wa kabeji hapa Nunguni. Mimi ni fundi wa nguo, mikono yangu imezoea sindano, si maikrofoni. Mkiona natetemeka, nivumilieni. Lakini Mungu amenitendea jambo, na siwezi kulikalia.

Tulipooana tuliishi Sultan Hamud. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja, nikishona sare za shule. Nikapata mimba ya kwanza. Ndugu zangu, furaha ile siwezi kuieleza! Hata tumbo lilipoanza kuuma chini, upande mmoja, sikujali. Nilijiambia mimba changa ndivyo ilivyo. Siku zikapita, maumivu yakazidi, mpaka bega nalo likaanza kuuma bila sababu. Asubuhi moja nilikuwa nampima mama mmoja nguo, tepu iko shingoni mwake, nikaona duka lote linageuka. Nikaanguka.

Nilizindukia hospitali, nina mshono tumboni. Daktari alinieleza kwamba mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na mrija ukapasuka. Ilibidi waukate ili mimi nipone. Kioko aliketi kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Mutheu," akasema, "Mungu ameniachia wewe. Mimi inanitosha."

Mimi haikunitosha. Nilimshukuru Mungu kwa mdomo, lakini moyoni kitu kilibaki kimekaza kama fundo.

Tukarudi huku juu nyumbani kwao, tukaishi na mama yake. Sisi sote pale nyumbani tunamwita Mwaitu, yaani mama. Miaka ikapita. Niliona wenzangu wakibeba, wakizaa, wakibeba tena. Nilishona nguo za watoto wa watu. Na Bwana akanikumbuka! Nikashika mimba nyingine. Tulienda kupigwa picha, na daktari akatuonyesha mtoto yuko ndani ya mfuko, mahali pake kabisa. Kioko aliinama akaangalia ile skrini kama mtu anayeangalia mtoto dirishani.

Basi ungedhani nilianza kuimba. Hapana, ndugu zangu. Hapo ndipo kifungo changu kilipoanza.

Mimba ilipokua, maumivu yakaja. Nikiinuka ghafla kwenye kiti, kitu kinavuta huku kwenye kinena, kama uzi unaovutwa kwenye mshono. Nikipiga chafya, kinavuta. Jioni tumbo linajaa na kusokota. Na kila yalipokuja, mimi nilirudi Sultan Hamud. Nilisikia tena ile baridi ya sakafu. Nikaacha kucheka kwa sauti kwa sababu kicheko kinatikisa tumbo. Nikapunguza chakula. Kitandani nililala ubavu mmoja tu, sigeuki. Na sikumwambia mtu! Sikumwambia Kioko kwa sababu niliona jinsi alivyokuwa na furaha. Kwa Mungu nilikuwa na sala moja tu: "Usimchukue, usimchukue, usimchukue." Hakuna shukrani, hakuna kusikiliza. Nilikuwa kama mtu anayegonga mlango uliofunguliwa tayari.

Mwaitu ndiye aliyeona. Nilikuwa navuka uwanja na sufuria ya maji, akaniita.

"Mutheu, mbona siku hizi unatembea kama mtu amebeba mayai kwa aproni?"

"Hakuna kitu, Mwaitu."

"Kuna kitu. Weka sufuria chini."

Nikaweka sufuria chini, na machozi yakatoka. Nilimwambia yote. Hakunihubiria. Alivaa sweta lake la kanisani, akachukua kitenge, akanishika mkono tukaenda kliniki, na haikuwa siku yangu ya kliniki.

Kule tulimpata Sista, muuguzi wa pale, mama mmoja wa makamo, mpole, anayeongea polepole. Alinilaza kitandani.

"Mama, uchungu uko wapi? Usiniambie kwa mdomo. Nionyeshe kwa kidole."

Nikaonyesha huku chini, kulia na kushoto.

"Unakuja lini?"

"Nikiinuka. Nikigeuka. Nikikohoa."

"Na ukitulia?"

Nikafikiria. Kumbe sikuwa nimewahi kujiuliza. "Unapotea," nikasema.

Akatabasamu. Akanieleza kwamba mfuko wa uzazi umeshikiliwa na kano, kama kamba za hema, na mtoto akikua kamba zinavutika. "Huo ni uchungu wa nyumba kupanuliwa," akasema. "Inuka polepole. Ukitaka kutoka kitandani, geuka ubavu kwanza." Akaniuliza kuhusu choo. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba naenda kwa shida. Akasema mimba hufanya matumbo yawe mazito, ndiyo sababu ya kujaa na kusokota jioni. Ninywe maji ya kutosha, nile sukuma na mapapai, nitembee. Akaniuliza kama haja ndogo inachoma. Nikasema kidogo. Akapima mkojo, akapata kuna ugonjwa, akanipa dawa, akasema hilo si la kuachwa, maana likiachwa linapanda kwenye figo na linaweza kuleta uchungu wa kuzaa kabla ya wakati.

Akaendelea, "Mbele utasikia tumbo linakaza halafu linaachilia. Likija bila mpango na likaisha ukinywa maji au ukibadilisha mkao, usiogope. Lakini likikaza na kurudi, likikaza na kurudi, na miezi haijatimia, njoo. Ukiona damu, njoo. Maji yakitoka, njoo. Uchungu ambao hautulii, au tumbo gumu kama ubao, njoo. Homa, njoo. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Na kuna uchungu mwingine wa huku juu, chini ya mbavu, hasa upande wa kulia. Ukija pamoja na kichwa kuuma sana, au macho kuona vimulimuli, au uso na mikono kuvimba, hapo usikae hata kidogo."

Nikamwuliza, "Sista, na nisipojua ni upi?"

"Hutajua yote, mama. Kazi yako si kujua, ni kuja. Ukija nikupate uko mzima, nitafurahi. Sitakucheka."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinifungua! Tulirudi nyumbani kwa miguu, ukungu umeshuka mpaka kwenye miparachichi, Mwaitu mbele, mimi nyuma. Na nikaomba kwa shukrani ya moyoni, kwa mara ya kwanza tangu Sultan Hamud. Nilisema, "Bwana, asante kwa uchungu wa nyumba kupanuliwa. Ule mwingine ukija, nipe masikio." Jioni hiyo Kioko alisema jambo la kipuuzi juu ya jogoo wa jirani, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tumbo likavuta. Nikaliacha livute.

Nilimwambia na yeye kila kitu. Akasema, "Kumbe ulikuwa umebeba peke yako." Tangu siku hiyo aliniuliza kila asubuhi, "Leo inauma wapi?" vile watu wengine wanaulizana mmelalaje.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimba ilikuwa imekua, lakini miezi yake bado. Akina mama wa ushirika walikutana kwetu, na Mwaitu alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe. Tangu asubuhi kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilidhani ni jua. Tukala, tukaimba, na wakati wa maombi nikasikia uchungu huku juu, chini ya mbavu, kulia.

Nikamwambia Mwaitu polepole. Akasema, "Ni muthokoi, mwanangu, umekula haraka. Kunywa maji ya uvuguvugu."

Nikanywa. Nikatembea mpaka kwenye zizi nikarudi. Haukusogea. Nikatulia, haukutulia. Nikaangalia mlima ule ng'ambo, nikaona vitu vinametameta mbele yake kama vipande vya bati. Nikaangalia mkono wangu, na pete ilikuwa imezama kwenye kidole.

Zamani ningekimbilia chumbani nikajifungia na kulia. Siku hiyo, ndugu zangu, sijui niwaambieje, kulikuwa na utulivu ndani yangu. Si kwamba niliona ni jambo dogo. Nilijua si dogo. Woga huwa unapiga kelele kwa kila kitu, na mtu hawezi kusikia vizuri kwenye kelele. Kelele ilikuwa imeisha, ndiyo maana nilisikia.

Nikaingia katikati ya duara la maombi nikasema kwa sauti, "Mama zangu, mnisamehe. Hii si ya muthokoi. Nipelekeni kwa Sista sasa."

Wakaniwekea mikono. Dada mmoja tunayempenda sana, mwenye moyo wa maombi, akasema, "Tusikimbie kabla hatujamaliza na adui!"

Mwaitu alikuwa ameshachukua kitenge. Akasema, "Adui tutammalizia njiani. Leta gari."

Amina? Amina!

Jirani alileta pikapu yake ya kubebea kabeji. Yule dada alipanda pamoja nasi, na aliomba njia nzima bila kupumzika, nami namshukuru. Sista aliponiona usoni hakungoja salamu. Alipima presha, akapima mkojo, akanidunga sindano, akaita ambulensi. Kioko alikuwa Sultan Hamud sokoni. Aliacha kabeji kwa mwenzake akaja moja kwa moja hospitali kubwa, akafika na matope kwenye gambuti.

Daktari alituambia wazi. Presha ilikuwa imepanda sana, na ini lilikuwa linaumia. Huo ndio uchungu wa chini ya mbavu. Nilikuwa karibu na kifafa cha mimba. Dawa pekee iliyobaki ilikuwa mtoto kutoka.

"Ni mdogo bado," Kioko akasema.

"Ni mdogo," daktari akajibu, "lakini tunaweza kumlea nje. Humo ndani sasa si salama kwake wala kwa mama yake."

Kioko aliniangalia. Nilijua anamfikiria yule wa kwanza tuliyempoteza, maana nami nilikuwa namfikiria. Nikamwambia, "Tukubali." Nilipokuwa nasukumwa kwenda kupasuliwa, sikuwa na sala ndefu. Nilisema tu, "Bwana, twende." Na akaenda nami!

Mtoto alilia. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya paka mdogo, lakini alilia. Msichana! Walinionyesha uso tu, wakampeleka kwenye chumba cha watoto wadogo. Presha yangu haikushuka siku hiyo hiyo. Walinichunga kwa karibu, wakinipima mchana na usiku. Nawaambia hili kwa sababu kuna wanaodhani ukishazaa yamekwisha. Sista wa kule aliniambia hata mtu akiwa ameshajifungua, kichwa na macho vikisumbua ni lazima arudi.

Nilipopata nguvu walinifundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitambaa apate joto langu. Nilipochoka, Kioko akafungua shati. Mnamjua mume wangu, ni mtu wa maneno machache na mikono migumu. Aliketi pale kwenye wodi, katikati ya akina mama, kichwa kidogo kimetokeza kwenye kola yake, akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisa, na maneno nusu hakuyajua.

Tulimwita Ndinda, jina la Mwaitu, kama desturi yetu ilivyo. Wenye Kikamba mnacheka tayari, maana Ndinda ni yule aliyekawia kuzaliwa, na huyu alikuja mbio kabla hajaitwa! Mwaitu alipoambiwa alisema, "Acheni. Amekawia sana kufika kwa hii nyumba. Jina ni lake."

Ndiye huyo mnayemsikia akipiga kelele kwa mapaja ya nyanya yake. Msimnyamazishe.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye mauti, na akanitoa kwenye woga kabla mauti haijafika. Nawashukuru madaktari na masista, nakushukuru Mwaitu, nawashukuru mlioomba. Kuna wenzetu waliofika wamechelewa, na wengine walifika mapema na bado wakazika. Siwezi kusema mimi nilikuwa na imani kuliko wao. Nalia pamoja nao. Ninachojua ni kwamba Bwana alikuwa pamoja nami kwenye kile chumba, na najua alikuwa pamoja nao.

Dada yangu uliye na mimba, usiite kila maumivu mauti. Wala usiite kila maumivu muthokoi. Na wanaume mlio hapa, ulizeni wake zenu inauma wapi, kisha mngoje jibu. Mtumaini Bwana, na imani yako iwe na miguu ya kwenda kliniki. Tukimaliza ibada nitabaki hapa mbele. Kama kuna kitu kinakuuma na hujamwambia mtu, njoo unionyeshe kwa kidole. Kesho asubuhi, kama unaogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza.