Kipimo Kikavu Juu ya Paa la Ofisi

Ndugu waombolezaji, kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, akasoma hapo hapo mtaani, kisha chuo cha ufundi wa mawasiliano, na kote huko walimu waliandika kwamba ni mbishi, jambo ambalo sisi wa nyumbani tulilijua bila kuandikiwa.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni ya setilaiti, ambayo wakubwa wake wameketi pale mbele na miwani yao ya jua. Kazi yake ilikuwa kukadiria mvua itakula kiasi gani cha mawimbi yanayopanda angani, na wakubwa hao walikadiria kwa kipimo kimoja cha mvua kilicho juu ya paa la ofisi, wakigawanya mvua ya mwaka mzima kwa siku zake kupata wastani, ndipo marehemu akampachika bosi wake jina la Bwana Wastani, jina alilonalo hadi leo, ingawa leo ndiyo kwanza analisikia. Kaka alisema mvua ya kwetu hunyesha mtaa huu na mtaa wa pili vumbi linatimka, na mawimbi hayapandi wima juu ya paa lao, yanapanda kwa mshazari juu ya vichwa vya watu wengine, basi itazamwe rada ya hali ya hewa, ioneshe mvua iliyoko kwenye njia yenyewe, mtu ajue mapema mawimbi yatapungua kiasi gani, ahamie kituo kingine cha kurushia mawimbi kisicho na mvua. Aliyasema hayo miaka nenda miaka rudi, wakamhamishia stoo ya nyaya.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa mwalimu wa hesabu, mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa ubishi, wakajaliwa binti na mvulana. Figo zilimlaza kitandani mwaka jana, akafariki Jumanne iliyopita, mkewe akiwa amemshika mkono.

Hapa tunavunja utaratibu. Mwanawe yuko kazini melini, ameshindwa kufika, anatufuata kwenye ile skrini kupitia dishi la kampuni, na jana dada yake alimwomba Bwana Wastani kituo cha pili kiwekwe tayari, naye akatazama juu, akasema kuna jua. Sasa binti huyo, aliyefungua picha za rada kwenye simu hapo nyuma, ametupungia mkono kwamba wingu linaingia kwenye njia, kwa hiyo tunaaga kabla ya kushukuru. Mwanetu, sikia ungali unasikia, baba yako alikutaja mwishoni, na hakuwa na kinyongo na wewe kwa kukosekana. Pumzika kwa amani, kaka, mwanao amesikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa stoo, waliokuja bila kutumwa. Kampuni tunaishukuru kwa dishi. Skrini imezimika, nyote mnaona, na hapa tulipokaa hapajadondoka hata tone. Bwana Wastani, usijisumbue kupiga simu ofisini kuuliza kipimo kinasemaje. Ni kikavu.