Kitambaa cha Mama Kilicho Ukutani kwa Meneja

Marehemu, dada yetu mkubwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika chumba cha nyuma alichokuwa akifumia mama. Mama anasema uchungu ulimkuta katikati ya mstari, na mtoto hakumpa hata nafasi ya kukata uzi. Subira hakuwa nayo tangu siku hiyo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988 na sekondari mwaka 1992. Majalada ya madaftari yote, ya kwake na ya jirani, aliyachora mapambo ya vitambaa vya mama. Mwalimu wa hesabu alimchapa, kisha akamwomba amchoree kitambaa cha meza. "Nichapwe mimi, upambe wewe?" akamwuliza, akachapwa tena.

Mwaka 1996 aliajiriwa kuwa mchoraji katika kiwanda cha kuchapisha vitambaa. Huko alikutana na fundi mitambo, wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000. Shemeji ni mpole. Mungu alijua nyumba ile itahitaji mpole mmoja.

Mwaka 2011 kiwanda kilitaka chapa mpya yenye asili ya ufumaji wa mkono. Dada akaazima kitambaa alichojifumia mama kwa harusi yake, cha pekee kilichobaki baada ya vidole vyake kukakamaa. Aliahidi kukirudisha baada ya wiki. Chapa ikatoka, ikavaliwa kila mahali. Kitambaa hakikurudi. Meneja alikitundika ofisini kwake, ndani ya kioo, akakiita urithi wa kampuni. Urithi gani, na aliyekifuma yuko hai, amekaa hapa mbele? Dada alikidai miaka yote, akapigwa danadana, akapewa cheti cha mchoraji bora. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Aliugua saratani ya ini tangu Januari. Meneja alipomletea maua hospitalini, dada alimwambia, "Maua sikukuazima mimi."

"Upone kwanza, dada, tutaongea," akajibu meneja.

Hakupona. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, akimwonea mama aibu isiyokuwa yake.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili na sisi wadogo zake wawili. Kiwanda kimeleta jora zima la chapa ile ili afunikwe nalo. Limebaki getini. Wosia wake ulikuwa mmoja: jeneza lifunikwe kwa kitambaa cha mama, kisha mama akitoe kwa mkono wake mwenyewe, arudi nacho nyumbani.

Meneja yuko safu ya pili, dereva wake yuko nje. Kaburi liko wazi, na sisi hatuna haraka. Kitambaa kikifika, ndipo dada atakapopumzika kwa amani.